Vidonge vya Kilosa, Sindano za Kichina na Mdomo wa Maganga

Naandika haya kwa mkono wa kushoto. Wa kulia upo, unashika kikombe, unafunga khanga, unamchapa mjukuu kofi akizidisha utundu, lakini kalamu uliikataa tangu miaka ile na mpaka leo hatujapatana. Walionibana niandike ni wauguzi wa kliniki ya presha hapa Mikumi. Walisema, bibi, wewe ulipata kiharusi sisi hatujazaliwa, na bado unakuja kliniki kwa miguu yako mwenyewe, hebu waandikie wenzako. Nikawaambia mimi si daktari. Wakasema madaktari wanao. Basi wewe unayesoma, kama una mgonjwa ndani, au ni wewe mwenyewe umelala unayahesabu mabati, sogea karibu. Maneno yangu hutoka polepole hata kwenye karatasi, utanivumilia.

Jina langu ni Tatu. Nilizaliwa Kilosa, karibu na stesheni kiasi kwamba vikombe vya mama vilitikisika kabatini kila treni ya bara ilipopita. Baba alikuwa mkulima, Msagara wa pale pale, na alikufa mimi nikiwa nimeshaolewa. Mume wangu, Athumani, alikuwa mtunza stoo wa kijiji chetu cha ujamaa nje kidogo ya Mikumi. Mama naye akaja kukaa nasi baada ya msiba, na sanduku lake, na amri zake.

Siku hizi ukitaja ujamaa watu wanacheka au wananuna. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na sita na nilikuwa na furaha, siwezi kudanganya. Asubuhi tulikwenda shamba la pamoja, safu nzima ya wanawake na wanaume, majembe yanapanda na kushuka, mtu mmoja anaanzisha wimbo na mwingine anauharibu makusudi. Tembo walikula mahindi yetu, sukari ilikuwa ya foleni, nguo ilikuwa moja ya kazi na moja ya Idi. Lakini jioni ukipita nyumba kwa nyumba ulijua nani amepika nini, na ulikaribishwa. Nakumbuka harufu ya vumbi mvua ya kwanza ilipopiga barabara yetu mpya, nyumba zote zimejipanga kama darasa, na watoto wanakimbia uchi katikati.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha kisomo cha watu wazima. Saa tisa alasiri, watu wakishatoka shamba na kula, walikuja chini ya banda tulilolijenga wenyewe, wazee kwa akina mama, kila mmoja na ubao wake mdogo. Mzee Ramadhani, mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote, aliniamkia shikamoo kwa sababu mimi ni mwalimu, nami nikamwamkia shikamoo kwa sababu yeye ni wa rika la baba yangu, na kila siku tukabishana nani aitikie marahaba. Mama pekee alikataa kuja. Alisema macho yake yanaona kuku walipo, yanamtosha.

Nilikuwa na sauti. Sisemi ya kuimba. Nasema sauti ya kumfanya mtu aliyechoka na jembe akae macho mpaka amalize kusoma sentensi. Nilikuwa na maneno mengi, ya kusifia, ya kukaripia, ya mzaha. Yule aliyekuwa akinipatia mazoezi ya maneno hayo alikuwa Petro Maganga.

Maganga alikuwa nyapara wa genge la reli, ile reli ndogo inayotoka Kilosa kupita Mikumi kwenda Kidatu. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, Mkatoliki, mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Sisi Wasagara na Wanyamwezi ni watani. Kwa vijana mnaodhani utani ni mzaha tu, nawaeleza: mtani ana ruhusa. Anakutukana mbele ya wakwe zako. Anabeba kuku wako mchana kweupe. Anakalia kiti chako, anamwita mumeo mgeni. Ukikasirika, aibu ni yako. Unachoweza kufanya ni kumrudishia, na zamu yako itakapofika, kumkomoa zaidi. Maganga alipita kwetu karibu kila siku, ananitukana, namtukana, kisha tunakunywa chai.

Dalili zilikuja mapema, nami nilizidharau. Nilipokuwa na mimba ya mtoto wangu wa tatu muuguzi mmoja aliniambia presha yangu iko juu, nipunguze chumvi na nirudi kupimwa. Nilijifungua salama nikaona yamekwisha. Chumvi nilikuwa naila hata mikono mitupu, naichota kwenye kifuu kama karanga. Kisogo kilinigonga asubuhi. Mara mbili nilitokwa damu puani darasani. Nikasema ni jua.

Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nageuka kuandika ubaoni, chaki ikaanguka. Nikainama kuiokota, vidole vikaigusa bila kuishika. Niliutazama ule mkono nikauona kama wa mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu. Nikataka kusema samahani, ikatoka "lile". Darasa likacheka, maana nilizoea kuwachekesha. Nikajaribu tena, ikatoka "lile, lile". Mzee Ramadhani hakucheka. Aliinuka akanidaka wakati mguu umeshaniacha, na mkojo ukanitoka pale pale mbele ya wanafunzi wangu. Nilisikia kila kitu, hilo ndilo watu hawalijui. Nilisikia wakilia, nikawa nawaambia wasilie, lakini mdomo umekwenda upande na mate yanateremka shingoni.

Wakanibeba nyumbani. Athumani akasema twende hospitali. Mama akasema hapana.

Nisimlaumu mama kabla sijawaeleza. Alipokuwa kijana Kilosa, mtoto wa jirani yake alishikwa na degedege. Alipelekwa hospitali, akachomwa sindano, akafa mikononi mwa mama yake. Tangu hapo mama, kama wengi wa rika lake, aliamini kwamba ugonjwa wa upepo haupigwi sindano. Ukichomwa tu, roho inatoka kwenye lile tundu. Na kwake kiharusi kilikuwa upepo, tena mbaya. Leo najua mtoto yule alifikishwa pale akiwa amekwisha kuchelewa, na sindano ikabebeshwa lawama. Lakini wakati ule nani angemwambia mama? Athumani alikuwa mkwe. Mkwe wa kwetu hainui sauti mbele ya mama mkwe, hamkatalii, hata kula naye hali. Alikaa nje kwenye gogo ameshika kichwa, anajua la kufanya na hawezi kulisema.

Siku mbili nikafukizwa chini ya blanketi. Nikasuguliwa mafuta ya nyonyo. Nikaletewa kombe, dua imeandikwa kwenye sahani na kuoshwa kwa maji, ninywe. Sikuweza kumeza. Maji yalipitia puani na mengine yakaingia kifuani, nikakohoa mpaka macho yakataka kutoka. Mama alikuwa akinipangusa huku analia, na mikono yake ilikuwa mizuri, ya baridi. Nilikuwa nakufa na napendwa, vyote kwa pamoja.

Siku ya tatu asubuhi akaja Maganga. Alikuwa kazini mbali huko njiani, habari ilikuwa imempita. Hakupiga hodi, mtani hapigi hodi. Alianza kunitukana tangu mlangoni, Msagara gani huyu analala jua limechomoza, kisha akaniona usoni. Akamgeukia mama, akamwamkia kwa heshima zote, akaitikiwa.

"Mama," akasema, "huyu ni kuku wangu. Leo nimekuja kuchukua changu."

"Usilete utani hapa, Maganga. Mwanangu anakufa."

"Ndiyo maana namchukua akiwa mzima. Ukinizuia umevunja utani, na aliyeuvunja si mimi."

Mama alisimama katikati ya chumba mikono imeanguka. Kumzuia mtani asichukue ni jambo ambalo hakuwa amewahi kuliona likifanyika, wala kwao wala kwetu. Maganga alinikunja na godoro langu la sufi akanitoa nje. Athumani akaruka kutoka kwenye gogo akashika upande wa miguu. Hakuwa amemkatalia mkwe wake. Alikuwa tu anamsaidia mwizi.

Tulikwenda Kilosa kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha mafundi wa njia, baada ya Maganga kuomba nafasi kwa stesheni masta wa Mikumi. Mama naye alipanda, hakuulizwa. Nililala nimefunikwa khanga, reli zinagongagonga chini ya kisogo changu, mawingu yanapita. Mahali fulani tulisimama kwa sababu tembo walikuwa wanavuka, mmoja mmoja, bila haraka. Maganga akawatukana wote, mpaka watoto. Nikataka kucheka, na upande mmoja wa uso ukacheka.

Hospitali alitupokea Daktari Mhando, Msambaa mwembamba aliyezoea kuvua miwani kabla ya kusema neno zito. Alinipima presha mara tatu. Akawaeleza kwamba mshipa ndani ya kichwa umeziba au umepasuka upande wa kushoto, na ndiyo maana mwili wa kulia umelala na maneno yamepotea. Wakati ule hapakuwa na mashine ya kupiga picha kichwani, daktari alikwenda kwa macho, mikono na akili. Akasema tumechelewa, ila hatujachelewa kabisa. Akanichoma sindano. Mama alifumba macho akaanza kusoma dua ya mauti. Aliposoma mpaka mwisho akafumbua jicho moja, akanikuta namtazama.

Wiki tatu nililala pale. Nililishwa uji kwa mpira wa puani. Niligeuzwa mchana kutwa kama chapati nisipate vidonda, na kimoja nilikipata hata hivyo, kiunoni, alama yake ninayo. Nilipewa vidonge vya kushusha presha, vidogo vyeupe, na kingine cha kunikojoza. Mdomo ukaanza kurudi katikati. Mguu ukakubali kunibeba nikishikiliwa. Mkono ulining'inia tu. Na kwa ulimi nilikuwa na neno moja. Nikitaka maji, lile. Nikitaka kujua watoto wamekula, lile. Kichwani maneno yote yalikuwapo yamejaa, kama watu waliofungiwa ndani ya ghala wanagonga mlango. Kitu kilichoniliza hakikuwa mkono. Nililia kwa sababu nilijiona nitaishi miaka mingi bila kusema na mtu.

Siku ya kuruhusiwa Daktari Mhando alikaa kitandani kwangu akavua miwani. Alisema yeye amezuia hatari, kilichobaki ni mazoezi na subira, na vidonge ni vya maisha. Kisha akasema kwamba zahanati ya kwetu Mikumi huja daktari wa Kichina mara mbili kwa wiki, kutoka kambi ya wajenzi wa ile reli mpya ya Zambia, kule mbele ya Kidodi. Daktari huyo hutibu viungo vilivyolala kwa kuchoma sindano nyembamba zisizo na dawa. Alisema kwa ukweli kwamba yeye hakusomea mambo hayo, hajui yanavyofanya kazi, lakini ameona wagonjwa wawili waliokwenda wakarudi na nafuu. Akaandika barua ya kumpelekea mwenzake, akatueleza kwamba niende kule bila kuacha hata kidonge kimoja cha huku.

Mama akauliza sindano ngapi. Alipoambiwa kumi, labda na mbili, alikaa chini.

Daktari Wen alikuwa mwanamke mfupi mwenye nywele zilizokatwa usawa wa masikio na nguo za buluu zilizofuliwa mpaka zikawa karibu nyeupe. Alimwamkia kila mtu shikamoo, hata watoto wa shule, na watoto walikimbia kwa aibu. Alikuja na mkalimani wa makamo, Mchina mwenzake, aliyejifunza Kiswahili vitabuni na kukisema kama anasoma taarifa ya habari. Kwanza alisomewa barua ya Daktari Mhando, polepole, mara mbili. Akaomba aone vidonge. Akavimwaga mezani akavihesabu, akanipa maji, akangoja nimeze. Ndipo akafungua kikoba chake.

Sindano zile zilikuwa nyembamba kama unywele. Moja aliiweka kati ya kidole gumba na cha shahada, nyingine kwenye kiwiko, nyingine chini ya goti, nyingine kichwani. Mkalimani akauliza, "Je, mgonjwa anahisi uzito, au ganzi inayotembea?" Nilihisi. Ilikuwa kama siafu mmoja ameingia mkononi anatafuta njia. Kwa wiki nyingi mkono ule haukuwa umenipa habari yoyote, hata mbaya. Nililia kwa furaha. Mama akadhani ni maumivu akataka kumpiga mtu.

Kilichomtuliza mama ni moshi. Daktari Wen alikuwa na majani makavu yaliyoviringwa kwenye karatasi kama sigara nene. Aliyawasha akayapitisha karibu na ngozi ya mkono bila kuigusa, joto likaingia. Mama alinusa. Akasogeza kiti. Akamuuliza mkalimani majani gani yale, yanachumwa lini, huanikwa jua au kivulini. Kuanzia siku ile kufukiza kulikuwa lugha yao, na mama akawa ndiye anayeniamsha asubuhi tusichelewe zahanati.

Mara ya tatu au ya nne Maganga alitufuata kule. Nilikuwa nimechomwa, siwezi kujitikisa, naye akaona hiyo ndiyo nafasi. Alisimama mlangoni akaanza. Kwamba mababu zangu walijificha mlimani wakiona wageni, kwamba sasa nimepigwa misumari kama mlango wa gereza, kwamba bubu wa Kisagara ni neema kwa nchi. Daktari Wen aligeuka uso umemwiva. Alimsukuma Maganga kifuani, mtu mrefu vile, akamtoa nje.

Mkalimani akatoka akauliza, "Daktari anataka kujua bwana huyu ana ugomvi gani na mgonjwa."

Ilichukua muda kuelezwa. Athumani alieleza, mama alieleza, Maganga mwenyewe alieleza kwa majigambo. Mkalimani alikuwa anatafsiri, anasita, anarudi nyuma. Daktari Wen alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alinitazama mimi, akatazama vidole vyangu, maana wakati wote Maganga alipokuwa ananitukana mkono wangu ulikuwa unajikaza kwa hasira. Akasema jambo, na mkalimani akalitoa kwa utaratibu wake wote:

"Daktari anasema, bwana huyu aje kila siku. Amtukane neno moja tu. Kisha anyamaze, amngoje ajibu."

Sijui kama mmewahi kumwona Mnyamwezi wa reli akinyamaza. Maganga alikuja kila siku kabla ya kwenda kazini. Alikaa mkabala nami uani, ananitukana tusi moja, fupi, kisha anangoja. Alingoja kweli. Chai ilipoa. Kuku walipita katikati yetu. Nilihangaika, "lile, lile", na yeye anatikisa kichwa kwamba hilo halihesabiki. Watu wengine walinimalizia sentensi kwa huruma, hata Athumani. Maganga hakunimalizia hata neno moja.

Wiki ya sita, asubuhi, akasema Wasagara hawakuzaliwa na meno. Nikafungua mdomo. Kuna kitu kikasogea, nikakisikia kinasogea, kikaja mpaka mbele ya ulimi.

"Mpagazi," nikasema.

Wazee wake walikuwa wapagazi, walibeba mizigo ya watu kutoka bara hadi pwani, na hilo ndilo tusi letu kwao tangu enzi. Lilitoka limepinda, mate yakalifuata. Maganga aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Alikaa huko muda, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema moshi wa jikoni kwetu ni mbaya.

Sasa niwaambie kosa langu, na hili ndilo nataka mlisome mara mbili. Maneno yalianza kurudi, moja leo, mawili kesho kutwa. Kidole cha kati kiliinuka. Nilitembea na fimbo hadi kisimani. Nikajiona nimepona, na nikajiuliza vile vidonge vya Kilosa ni vya nini tena. Vilinikojoza kutwa, vilinilegeza. Sindano zilinipa nafuu niliyoiona kwa macho, vidonge havikunipa chochote cha kuona. Basi nikawa naviweka chini ya ulimi, wa nyumbani wakishaondoka navitema kwenye shina la mgomba. Mtu mzima, mwalimu. Karibu mwezi mzima.

Kisogo kikaanza kugonga. Nikanyamaza. Siku ya zahanati Daktari Wen alinipima, akapima tena, akaweka chombo chini. Aliniuliza mimi mwenyewe, hakumuuliza mama. Nikashindwa kumdanganya, maana uongo unahitaji maneno mengi na mimi nilikuwa na machache. Akafunga kikoba chake bila kutoa hata sindano moja.

"Sindano zangu hazijui kushusha damu iliyopanda," akasema kupitia mkalimani. "Mimi nauamsha mkono. Daktari wa Kilosa anakuzuia usife. Ukimwacha yeye, na mimi nakuacha."

Wiki mbili alikataa kunigusa. Alinipima tu, akahakikisha nimemeza na kufungua mdomo wazi kama mtoto, akanirudisha nyumbani. Akamwandikia Daktari Mhando, na yeye akajibu, na kuanzia hapo barua zao zikawa zinapanda treni pamoja na kadi yangu, huku presha imeandikwa na wote wawili. Mama, aliyekuwa akisema dawa mbili hazikai tumbo moja, ndiye aliyekuwa anashika kadi ile. Alikuja darasani kujifunza kusoma namba, kwa ajili ya kadi tu.

Nami nilirudi darasani, ila nilikaa kwenye mkeka na wanafunzi. Mwalimu mwingine alisimama ubaoni. Nilijifunza kuandika kwa kushoto pamoja na mama, na Mzee Ramadhani akanisahihisha herufi, na kwa mara ya kwanza aliitikia shikamoo yangu bila ubishi. Ilikuwa baada ya mwaka ndipo niliposimama tena mbele yao. Nilifundisha polepole. Waliniambia wanaelewa zaidi.

Reli mpya ilikwisha na kambi ikavunjwa. Daktari Wen alikuja kutuaga, akamletea mama fungu la yale majani makavu. Baadaye kijiji chetu nacho kikapungua, watu wakarudi kwenye mashamba yao ya zamani, banda likaanguka. Athumani alitangulia, mama alimtangulia yeye. Treni ndogo haipiti tena. Jioni nyingine nakaa uani nawakumbuka wote, na nawatamani.

Daktari mmoja kijana aliniambia hivi karibuni kwamba huenda mkono na ulimi vingerudi hata bila sindano, kwa mazoezi na muda tu. Sikubishana naye, huenda. Mimi nimeishi mara moja, sikuweza kujijaribu njia zote mbili. Ninachojua ni kwamba waliokuwa hawajui kazi za wenzao waliandikiana barua kwa ajili yangu. Kwa hiyo, mdomo ukienda upande, mkono ukiangusha kitu, maneno yakipinda, mkimbize mtu hospitali saa ile ile, msingoje kufukiza. Tiba nyingine fuata, lakini mwambie kila daktari unachokifanya kwa mwenzake. Vidonge meza hata ukijiona mzima. Chumvi iache. Na mgonjwa asiyeweza kusema, msimsemee. Kaeni, mngojeni. Namshukuru Mungu, nawashukuru wale madaktari wawili, na mama.

Bado mmoja. Maganga alistaafu hapa hapa Mikumi, akafa akiwa mzee. Kwa mila yetu, jeneza la mtu halitoki uani mpaka mtani wake asimame na kumtukana marehemu. Watu walijaa. Jeneza likainuliwa, kisha likatuliwa, wakageuka kunitazama. Watoto wangu walinong'ona kwamba niwaachie vijana, nisijitese, mdomo wangu wanaujua. Nikainuka na fimbo nikasimama kati ya Maganga na njia.

Nikaanza. Nilimtukana miguu yake mirefu, na mluzi wake mbovu, na chai yangu yote aliyokunywa. Maneno yalikwama, nikayasubiri, mengine yalichukua muda mrefu. Hata mmoja hakunimalizia sentensi, kwa maana yeye ndiye aliyewafundisha hivyo, mjini kote, kwa miaka yote ile. Mjane wake akacheka huku analia. Nilisema mpaka nikamaliza yote niliyokuwa nayo, kisha nikasogea pembeni, wakampitisha.